Mabomu Yanaweza Kusukuma Chombo, Swali Liko Kwingine

Mwaka 1958, katika kampuni ya General Atomic huko San Diego, California, wanafizikia walianza kulipwa na serikali ya Marekani ili wabuni chombo cha angani kinachosukumwa na mabomu ya nyuklia. Tusikichanganye na roketi yenye tanuri la nyuklia tumboni. Hiki kingetupa mabomu yenyewe nyuma yake, moja baada ya jingine, na kila moja lingelipuka baada ya sekunde moja hivi. Wazo lilikuwa la Stanislaw Ulam, mwanahisabati wa maabara ya mabomu ya Los Alamos, aliyeliandikia ripoti mwaka 1955 pamoja na Cornelius Everett. Kazi iliongozwa na Ted Taylor, bingwa wa kubuni mabomu madogo, na mwanafizikia Freeman Dyson akaja kutoka Princeton kuungana naye kwa mwaka mmoja. Mradi uliitwa Orion. Walipanga kufika Mirihi, kisha Zohali, wakati ambapo Marekani ilikuwa bado inahangaika kupandisha setilaiti ndogo. Ulifungwa mwaka 1965, baada ya kutumia dola zipatazo milioni 10.

Tangu hapo Orion imebaki na makundi mawili: wanaoicheka bila kuisoma, na wanaoipenda kiasi cha kuisamehe kila kitu. Mimi ninaipenda pia. Ni moja ya kazi za kijasiri zaidi kuwahi kufanywa na wahandisi. Lakini naona makundi yote mawili yanabishana mahali pasipo. Chuma cha Orion, kwa kila dalili tuliyo nayo, kingehimili. Kilichoshindikana ni mabomu: nani ayatengeneze kwa mamia na maelfu, nani ayalinde, na nani akubali kuvuta vumbi lake. Tuyachukue madai jinsi yanavyotolewa.

"Bomu litakiyeyusha chombo"

Hili hutajwa kwanza, na ndilo dhaifu kuliko yote. Anayelitoa anafikiria ukubwa wa moto na kusahau muda. Bomu la Orion lingelipuka makumi ya mita nyuma ya sahani nene ya chuma. Wingu la plasma lingeipiga sahani likiwa na joto la makumi ya maelfu ya nyuzi, kisha lingetawanyika, na yote hayo yangekwisha ndani ya sehemu ya elfu moja ya sekunde. Joto huhitaji muda ili lizame ndani ya chuma. Mpishi wa chapati huigeuza kwa ncha za vidole juu ya kikaango cha moto wala haungui, kwa sababu mkono haukai hapo. Tena plasma ile ikishagota kwenye sahani hujikusanya na kuwa utando mzito usiopitisha mionzi, kwa hiyo moto unaofuata huishia kwenye utando huo na kuacha chuma nyuma yake.

Hayo hayakubaki kwenye karatasi. Katika majaribio ya mabomu kwenye Bahari ya Pasifiki miaka ya 1950, mwanafizikia wa Jeshi la Anga, Lew Allen, alitundika tufe za chuma zilizopakwa grafiti karibu mita kumi tu kutoka kwenye bomu halisi. Tufe hizo ziliokotwa baadaye zikiwa nzima, zimelika tabaka jembamba sana la juu. Kundi la San Diego likaongeza kinga nyingine: kupuliza mafuta mazito kwenye uso wa sahani kabla ya kila mlipuko, ili kinachoungua kiwe mafuta na chuma kibaki.

Halafu kuna bomu lenyewe, na hapa ndipo ufundi wa Taylor ulipo. Bomu la kawaida humwaga nguvu zake pande zote, na chombo kingepata sehemu ndogo tu. La Orion lilibuniwa lielekeze. Fikiria mtungi mnene wenye kilipuzi kidogo cha nyuklia sehemu ya chini, ganda la urani likikizunguka ili kuzuia mionzi isitoroke, juu yake tabaka la oksidi ya berili, na juu kabisa kisahani cha tungsteni. Kilipuzi kikiwaka, mionzi hukimbilia upande ulioachwa wazi, huichemsha berili, na berili huigeuza tungsteni kuwa mvuke unaoruka kuelekea sahani kwenye koni nyembamba. Sehemu kubwa ya nguvu ingekwenda pale inapotakiwa. Ndiyo sababu chombo cha tani 4,000 kilihitaji, karibu na ardhi, mabomu ya kilotani 0.14 tu kila moja, yaani chini ya sehemu moja ya mia ya bomu la Hiroshima.

"Abiria watasagika"

Kama wangekaa juu ya sahani, naam. Hawakukusudiwa kukaa hapo. Kati ya sahani na chumba cha wanaanga kulikuwa na shokapu za hatua mbili: kwanza mifuko ya gesi iliyojikunja kama duara, kisha pistoni ndefu. Pigo la kikatili ambalo sahani hulipokea kwa kufumba na kufumbua lingenyooshwa hadi kuwa msukumo wa karibu sekunde nzima, na anayesafiri angehisi mara mbili hadi nne ya uzito wake. Wanaanga wa Apollo walistahimili kiasi hicho wakiwa juu ya roketi za kawaida.

Kwa kazi ya kuyatoa mabomu moja moja bila kukwama, kundi hilo liliwafuata watu wa Coca-Cola na kuwauliza kuhusu mitambo ya mashine zao za kuuzia soda. Habari hiyo husimuliwa kama kichekesho. Mimi naiona kama ushahidi kwamba watu hawa walikuwa wamefika kwenye mambo ya kila siku ya fundi: chemchemi, reli, na kitu kinachopaswa kuteremka kwa wakati wake mara mia nane mfululizo.

"Angani hakuna hewa ya kusukumwa"

Bomu hubeba maada yake lenyewe. Tungsteni ile inaipiga sahani, sahani inasogea mbele. Hewa haihitajiki, na karibu na ardhi ni kero. Roketi bora ya kemikali hutupa gesi nyuma kwa kilomita 4.5 hivi kwa sekunde. Orion ilikadiriwa kufikia kasi sawa na kilomita 20 hadi 60. Tofauti hiyo peke yake inaeleza kwa nini Dyson aliacha kwa muda kazi nzuri Princeton na kwenda California.

"Ilishajaribiwa, ilibaki kurushwa tu"

Sasa tuwageukie washabiki. Tarehe 14 Novemba 1959, huko Point Loma, San Diego, kielelezo chenye kipenyo cha mita moja kiliruka kwa kusukumwa na vilipuzi vya kawaida vilivyolipuka kimoja kimoja chini yake, kikapanda makumi ya mita, kikashuka kwa mwavuli. Filamu yake ipo, na kielelezo kimehifadhiwa na Smithsonian. Kilithibitisha jambo moja muhimu: kitu kinachosukumwa kwa mapigo kinaweza kupanda wima bila kupinduka. Ni mafanikio ya kweli.

Hata hivyo hakuna sahani iliyowahi kupigwa na bomu la nyuklia mara mbili mfululizo, sembuse mara mia nane. Tufe za Allen zilipigwa mara moja. Hatujui chuma kilichochoka kingefanya nini baada ya mapigo mia tano, kama mipasuko midogo ingeanzia ndani pale wimbi la mshtuko linaporudi nyuma, wala nini kingetokea bomu la mia tatu likikataa kulipuka wakati shokapu zimeshajinyoosha kulingoja, au likilipuka mita kadhaa pembeni. Wahandisi wa Orion waliyaorodhesha maswali haya wenyewe na walikuwa na majibu ya kimahesabu. Jibu la kimahesabu ni mwanzo mzuri. Safari yenye watu inadai zaidi ya hapo.

Kwenye kundi hilihili kuna wanaotaja mfuniko wa Nevada. Agosti 1957, katika jaribio la Pascal-B, bomu lililipuliwa chini ya shimo lililofunikwa kwa bamba la chuma la kilo 900 hivi. Bamba likatoweka. Kamera ya kasi ililinasa katika picha moja tu, na Robert Brownlee wa Los Alamos akapiga hesabu iliyotoa kasi mara sita ya ile inayohitajika kuihama dunia. Kutoka hapo watu wamejenga hadithi kwamba kitu cha kwanza cha binadamu kufika anga za juu kilikuwa kifuniko kile. Hesabu ya Brownlee haikutia ndani ukinzani wa hewa. Bamba la chuma linalopenya hewa nzito ya chini kwa kasi hiyo huchomeka na kupukutika kabla ya kufika popote. Na hata kama lingefika, lilikuwa risasi: pigo moja, bila usukani, bila shokapu. Halisemi lolote kuhusu Orion.

"Mkataba wa 1963 ndio uliouua mradi"

Hili hurudiwa sana na lina ukweli ndani yake. Mkataba uliotiwa saini Moscow tarehe 5 Agosti 1963 ulipiga marufuku milipuko ya nyuklia hewani, chini ya maji na anga za juu, na haukusema majaribio ya silaha peke yake. Ulitaja mlipuko mwingine wowote wa nyuklia. Mlango ulifungwa hapo.

Lakini wanaoishia hapo huwapaka wanasiasa matope yasiyowastahili. Dyson aliandika juu ya kifo cha mradi huu katika jarida la Science mwaka 1965, na alitaja pande nne: Wizara ya Ulinzi, wakuu wa NASA, waliopigania mkataba, na jumuiya ya wanasayansi kwa ujumla. Kila upande ulikuwa na sababu yake. Jeshi la Anga lililipa gharama kwa miaka kadhaa huku likiota manowari ya angani, lakini wizara chini ya Robert McNamara haikuona kazi ya kijeshi kwa chombo hicho. NASA ilikuwa imeshaahidi Mwezi kwa roketi za Saturn na haikutaka kumweleza mwananchi kwamba kodi yake inanunua mabomu ya kumpeleka mtu Mirihi. Wanasayansi wa nje hawakuweza kuutetea kwa sababu sehemu kubwa ya kazi ilikuwa siri. Mradi unaofadhiliwa na jeshi, ukafichwa na jeshi, hauna wa kuulilia siku jeshi linapochoka nao.

Na jambo ambalo washabiki hulipita haraka: Dyson, mtu aliyeipenda Orion kuliko karibu wote, kwanza aliupinga mkataba, kisha akabadili msimamo na mwaka 1963 akaenda mbele ya Baraza la Seneti kuutetea. Alijua unaua nini. Akaona kusimamisha milipuko hewani ni jambo kubwa kuliko safari yake. Uamuzi huo naupa uzito kuliko hesabu zote za sahani.

"Vumbi lake lilikuwa dogo mno kuleta shida"

Makadirio ya Dyson mwenyewe yalikuwa kwamba kila mruko kutoka ardhini, kwa wastani wa kitakwimu, ungesababisha kifo kimoja hivi au pungufu ya hapo kutokana na saratani, mahali fulani duniani. Washabiki huishika namba hiyo na kuilinganisha na ajali za barabarani. Hawasemi uongo. Mamia ya mabomu ya Orion yote pamoja yangekuwa kitu kidogo mbele ya megatani zilizokuwa zikilipuliwa miaka ile.

Kosa liko kwenye mlinganisho. Anayepanda basi amekata tiketi. Tarehe 1 Machi 1954, baada ya bomu la Castle Bravo huko Bikini, vumbi jeupe liliwaangukia watu wa kisiwa cha Rongelap. Watoto walilichezea, wasijue ni nini. Lilikaa kwenye nywele, kwenye maji ya kunywa, kwenye chakula, na watu wale walihamishwa siku mbili baadaye, ngozi tayari ikiwawasha na wakitapika. Hakuna aliyewauliza. Vumbi la Orion lingekuwa dogo mara nyingi kuliko lile, na bado lingemwangukia mtu asiyeulizwa, ambaye jina lake lisingejulikana kamwe kwa sababu saratani haitaji ilikotoka. Nakataa kwamba wahandisi wa San Diego, hata wakiwa waungwana namna gani, walikuwa na haki ya kumchagua mtu huyo kwa bahati nasibu.

Kuna pia madhara ambayo hesabu za mwanzo hazikuyapa nafasi. Tarehe 9 Julai 1962 Marekani ililipua bomu la megatani 1.4 umbali wa kilomita 400 juu ya kisiwa cha Johnston, jaribio lililoitwa Starfish Prime. Taa za barabarani zilizimika Hawaii, kiasi cha kilomita 1,450 kutoka pale, na mkanda wa elektroni uliobaki ukaharibu setilaiti kadhaa, ikiwemo Ariel 1 ya Uingereza. Mabomu ya Orion ni madogo mno kulinganisha na hilo, lakini yangekuwa mamia, katika anga ambalo leo lina maelfu ya setilaiti za simu, hali ya hewa na ramani. Sisi wa Afrika Mashariki tumezoea kuambiwa ikweta ndiyo mahali bora pa kurushia, na ndivyo ilivyo kwa roketi. Waitaliano walijenga jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi kwa sababu hiyo, na setilaiti ya Uhuru ikapaa kutoka hapo tarehe 12 Desemba 1970. Kwa Orion hesabu inageuka. Chembe zenye chaji hufuata mistari ya sumaku ya dunia, kwa hiyo waliotaka kupunguza madhara walipendekeza kurusha karibu na ncha za dunia, mbali kabisa na ikweta.

"Basi iwashwe ikiwa mbali na dunia"

Hili ndilo dai lao bora, na linastahili jibu la heshima. Katika miaka ya mwisho ya mradi, kundi lilibuni Orion ndogo yenye sahani ya mita 10, ambayo ingebebwa na Saturn V na kuanza kulipua mabomu ikiwa juu. Ingepeleka watu wanane Mirihi na kuwarudisha kwa siku 125 hivi. Vumbi halifiki kwetu, taa hazizimiki. Kifizikia sina pingamizi.

Lakini mabomu bado yanatengenezwa hapa. Bomu dogo halina plutoni kidogo kwa kiwango kile kile. Udogo wa mlipuko hauondoi kilo kadhaa zinazohitajika ili uanze. Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki huhesabu kilo 8 za plutoni kuwa kiasi ambacho uwezekano wa kuundiwa bomu hauwezi kuondolewa. Safari moja yenye mamia ya mabomu ni tani za plutoni, viwanda vya kuyaunda, malori ya kuyasafirisha, na roketi za kuyapandisha, ambazo baadhi yake hulipuka zikiwa njiani. Ted Taylor aliliona hilo kabla ya wengi. Katika miaka ya 1970 mtu huyohuyo, aliyejua kuliko karibu yeyote jinsi bomu linavyoweza kufanywa dogo na jepesi, alitumia nguvu zake kuonya kwamba madini ya nyuklia ya kiraia yanalindwa ovyo na kwamba kikundi kidogo cha watu kinaweza kuyaiba na kuunda silaha. John McPhee aliandika kitabu kizima juu yake, kilichotoka 1974.

Sheria nayo imekaza. Mkataba wa Anga za Juu wa 1967 unakataza kuweka silaha za nyuklia kwenye mzingo wa dunia. Na bara letu limeandika sentensi iliyo wazi zaidi. Mkataba wa Pelindaba, uliotiwa saini Cairo mwaka 1996 na kuanza kutumika 2009, unakitaja kilipuzi cha nyuklia kuwa ni chochote kinachoweza kutoa nishati hiyo kwa mlipuko, bila kujali kimekusudiwa kazi gani. Tanzania na Kenya zimo. Waliouandika walikuwa na kumbukumbu ya Reggane, Algeria, ambako Ufaransa ililipua bomu lake la kwanza tarehe 13 Februari 1960 huku serikali za Afrika zikipinga. Hawakuacha kichochoro cha "matumizi ya amani", na walifanya vema.

"Kama si safari, tuzalishe umeme"

Los Alamos ililichunguza hili miaka ya 1970 katika mradi wa PACER: lipua mabomu ndani ya pango kubwa la chumvi ardhini, chota joto, endesha mitambo ya mvuke. Kitangulizi chake kilikuwa jaribio la Gnome, tarehe 10 Desemba 1961, karibu na Carlsbad, New Mexico. Bomu la kilotani 3 hivi lilitakiwa libaki limefungiwa kwenye chumvi. Mvuke wenye mionzi ulitoka juu ya ardhi mbele ya wageni walioalikwa, na joto likapotea ndani ya chumvi na mawe. Kituo kikubwa cha namna hiyo kingekula takriban mabomu mawili ya kilotani 50 kila siku, mwaka mzima. Hakuna nchi inayopaswa kuwa na kiwanda cha mabomu mia saba kwa mwaka ili kuwasha taa ambazo maji, jua na joto la ardhini vinaziwasha.

"Ni njia pekee ya kufika kwenye nyota"

Mwaka 1968 Dyson alichapisha hesabu hiyo katika Physics Today. Chombo cha tani 400,000, chenye mabomu 300,000 ya karibu megatani moja kila moja, kingeongeza kasi kwa siku kumi hadi kilomita 10,000 kwa sekunde, na kufika Alpha Centauri baada ya miaka 130 hivi. Silaha zote za nyuklia duniani zilipokuwa nyingi kuliko wakati wowote, katikati ya miaka ya 1980, zilikaribia 70,000. Chombo kimoja kinataka zaidi ya mara nne ya hizo, na hesabu hiyo haijaweka bomu hata moja la kukisimamisha kikifika.

Njia nyingine ipo, na imetoka ndani ya wazo lilelile la Ulam. Kati ya 1973 na 1978 wanachama wa British Interplanetary Society walibuni chombo kisicho na watu, Daedalus, ambacho kingewasha vidonge vidogo vya deuteri na heli-3 kwa miali ya elektroni, vidonge 250 kila sekunde, na kufikia asilimia 12 ya kasi ya mwanga. Msukumo bado ni wa milipuko, lakini kidonge hakina plutoni wala hakilipuki bila mtambo mkubwa wa kukiwasha. Tarehe 5 Desemba 2022, huko Livermore, California, leza za kituo cha utafiti cha NIF ziliingiza megajuli 2.05 kwenye lengo lenye kidonge kimoja, na kikatoa 3.15. Leza hizo zilivuta umeme wa megajuli 300 hivi ili kufanya kazi hiyo mara moja, na Daedalus inataka mara 250 kwa sekunde ndani ya chombo kinachoruka. Bado ni mbali sana. Fedha na vipaji vya vijana wanaoota injini ya milipuko ningependa viende huko, kwenye kidonge ambacho mwizi akikiiba hana cha kukifanyia.